Aliyepick Mara Moja

Inspekta Erastus alikuwa ameipigia mistari miwili ya wino mwekundu, kama mwalimu aliyeridhika na jibu la mwanafunzi. Sentensi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kwa kuwa pale kituoni taarifa zote ziliandikwa kwa Kiingereza hata kama msemaji alizitoa kwa lugha nyingine: *I picked him once on Tuesday evening. After that I did not pick him again.*

Koplo Ndinda aliisoma mara ya tatu akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Afande, hii sehemu ya pili inanisumbua."

"Gani?"

"'Sikumchukua tena.' Mtu amembeba mwenzake kwa pikipiki, amempasua kichwa, amemtupa kwenye machimbo ya mawe Gatuanyaga. Angemchukua tena ampeleke wapi?"

Erastus alichovya mandazi kwenye chai. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na alitaka kurudi nyumbani. "Koplo, *picked* ni *picked*. Kiingereza mimi nilisomea. Jamaa amekubali, ameweka sahihi, shahidi yuko. Hii kesi imejifunga yenyewe."

Kwa nje ilionekana hivyo. Kiama, kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa bodi za magari, alikuwa ameokotwa Jumatano na wachonga mawe, akiwa maiti. Alishiriki karakana moja ya mabati huko Gitothua na Owino, mchomeleaji wa mageti. Jumatatu walikuwa wamegombana mbele ya mtaa mzima kwa sababu ya grainda: Kiama aliazima mashine hiyo ya Owino ya kukatia chuma na kuiunguza. Jumatano mchana Kang'ethe, binamu ya marehemu, alikuja kituoni mwenyewe akaandikisha kwamba alimwona Owino Jumanne jioni akimbeba Kiama kwa pikipiki. Owino alishikwa saa hiyo hiyo. Alipoulizwa kama alim-pick Kiama, hakukana.

"Mazishi ni leo huko Theta," Ndinda alisema. "Akoth, mke wa Owino, amenipigia. Majirani wamemwambia vijana wakitoka kaburini wanakuja Gitothua na petroli. Ana mtoto wa miezi mitatu kwa hiyo nyumba."

"Mwambie ahame."

"Ahamie wapi, afande? Na mimi nimwambie nini, kwamba bwanake ni muuaji ama si muuaji?"

Erastus aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyemaliza kazi na hakupenda kuifungua tena. "Chukua Kagwe na gari. Saa nane nataka gari limerudi. Huyo mtu anaenda kortini Jumatatu. Ukitaka nimtoe, niletee jina la mwingine wa kuingia."

*

Owino alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake yenye makovu ya cheche za moto ikining'inia juu ya magoti. Hakuinuka. Ndinda alivuta kiti cha plastiki akakaa karibu na mlango.

"Ulimwambia Inspekta kwamba ulim-pick Kiama."

"Nilisema ukweli, madam."

"Wapi?"

"Gitothua. Kwa nyumba."

"Kiama alikuwa kwako?"

Owino aliinua kichwa. "Kiama alikuwa kwangu kufanya nini? Tulikuwa tumekosana."

"Umesema ulim-pick ukiwa kwa nyumba."

"Ndiyo. Nilikuwa kwa nyumba, simu ikalia, nikapick."

Konstebo Kagwe, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika.

Ndinda hakubadilisha sauti. "Inspekta alikuuliza aje? Nipe maneno yake."

"Kwa Kizungu. *Did you pick Kiama on Tuesday?* Nikasema *yes*. Akauliza mara ngapi. Nikasema mara moja, kutoka hapo sikupick tena. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikaona basi, ameshajua."

"Ameshajua nini?"

"Si hiyo tu, madam. Sikupick. Mtu alinipigia akinihitaji, mimi nimekaa naangalia simu ikilia kama mjinga, eti kwa sababu ya grainda. Walipouliza nikafikiri hiyo ndiyo makosa naulizwa. Na ni makosa. Nikaweka sahihi."

Kwa siku tatu mtu huyu alikuwa amejifunga kwa kosa lake mwenyewe, na Inspekta alikuwa amemfunga kwa kosa la mwingine, na wote wawili walikuwa wametumia neno moja.

"Simu yako iko wapi?"

"Walichukua."

Ilikuwa ndani ya bahasha ya vielelezo, imezimika, na hakuna aliyewahi kufikiria kuitia chaji. Kagwe alichomeka chaja yake ukutani. Walingoja dakika saba, wakitazama mstari mwekundu ukigeuka kijani. Owino alitoa nambari ya siri, tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe, akisema tarakimu moja moja kama mtu anayelipa kwa sarafu.

Jumanne, 17:40, simu ya Kiama, imepokelewa, sekunde kumi na nne.

Kisha nyekundu. 17:52. 17:58. 18:05. 18:11. 18:20. Simu tano ambazo hazikupokelewa. Katikati, saa 18:12, ujumbe:

*Owi pick tu. Usipopick atanipick yeye.*

"Huu ujumbe uliusoma lini?"

"Jumatano. Nikiwa kwa karakana, watu washaanza kusema ameokotwa."

"Na 'yeye' ni nani?"

"Ningejua singekuwa nimekaa hapa, madam. Ningekuwa huko kwake." Alisema bila kupandisha sauti, na Ndinda akaona vidole vyake vikikunjika.

Alifungua daftari. Shuleni, Machakos, mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba *pick* ni kuchuma, kama kahawa, au kuchagua, au kuokota kitu chini. Mtaani *pick* ilikuwa kupokea simu. Kwa wenye magari ilikuwa kumpitia mtu na kumbeba. Na Akoth asubuhi ile alikuwa amesema "Owino alipickiwa Jumatano", maana yake alikamatwa. Ndinda aliziandika zote, moja chini ya nyingine, kisha akarudi kwenye ujumbe na kuweka ya simu mahali pa kwanza na ya gari mahali pa pili. *Owi, pokea tu. Usipopokea, atakuja kunibeba yeye.* Kiama alikuwa anangoja kuchukuliwa na mtu mwenye gari, mtu ambaye hangeweza kumkatalia, na alitaka mwingine ajue.

"Sekunde kumi na nne. Alisema nini?"

"Alisema, 'Owi, nataka kukuambia kitu juu ya ile bampa.' Nikamwambia kwanza lete grainda mpya ndiyo uongee na mimi. Nikakata."

"Bampa gani?"

"Iliyounguza mashine. Ya pikapu. Ilikuwa imeingia ndani, ikaletwa Jumapili jioni, mimi niko kanisani. Kiama alikuwa ameambiwa aitengeneze usiku huo huo. Akalazimisha grainda, ikaungua."

"Pikapu ya nani?"

"Hakusema jina. Alisema ni ya watu wa nyumbani, hata hawatalipa."

Kagwe alikohoa. "Koplo. Jumapili mchana. Mama Nzioki."

Faili la Mama Nzioki lilikuwa kwenye meza ya Kagwe mwenyewe. Mwanamke wa miaka sabini, aligongwa akitoka ibadani kwenye barabara ya vumbi huko Gatuanyaga, akaachwa hapo. Alikufa Jumatatu. Gari halikujulikana, mtu mmoja tu alisema aliona kitu cheupe na vumbi nyuma yake.

Ndinda alifunga daftari. "Bwana Owino, Inspekta atakuja na karatasi nyingine. Safari hii ongea Kiswahili. Akikuuliza kwa Kizungu, mwambie hujui Kizungu."

"Najua, madam."

"Leo hujui."

*

Walifika Theta saa sita kasoro, wakati udongo wa kaburi ulikuwa unasawazishwa kwa migongo ya majembe. Boma la kina Kiama lilikuwa la mtu anayejitahidi: nyumba ya mawe isiyopigwa lipu, mistari ya mahindi, upande wa pili wa ua maghorofa mapya ya kupangisha. Wimbo wa mwisho ulikuwa umeimbwa. Lakini watu hawakuelekea kwenye sufuria za chakula. Vijana kama thelathini walikuwa wamekusanyika kando ya pikapu nyeupe iliyokuwa imebeba viti vya kukodi. Pikapu ilikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa mbele, ambapo bampa iling'aa rangi nyeusi ya juzi.

"Kagwe," Ndinda alisema polepole, "zunguka kama mtu anayetafuta choo."

Warigia alisimama peke yake karibu na kaburi, leso nyeusi imefungwa kiunoni, mtungi wa njano miguuni pake. Alikuwa dada mkubwa wa Kiama. Mama yao alikufa mapema, na Warigia ndiye aliyemlea kijana huyo kwa kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru miaka tisa. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umekauka kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Umekuja kutuzuia," alisema.

"Nimekuja kusema pole kwanza."

"Umesema. Sasa toa gari yako kwa njia."

"Dada, kuna mtoto kwa ile nyumba."

"Hata huyu alikuwa mtoto." Alionyesha udongo kwa kidevu. "Nilimbeba mgongoni nikipick kahawa, mvua ikinyesha, namfunika na gunia. Hakuna mtu alinionea huruma. Owino alikula kwangu. Alikula chapati kwa hii mkono. Nataka aone moshi kutoka huko seli, ajue ni yake."

"Na kama si yeye?"

"Si alikubali? Kang'ethe alituambia. Alikubali mbele ya polisi."

Kang'ethe alikuwa amepanda nyuma ya pikapu. Mwanamume mnene wa miaka thelathini na tano, koti la suti, sauti ya mtu aliyezoea kupanga wafanyakazi wa shamba. Alikuwa amelelewa katika boma hili hili baada ya wazazi wake kutengana, na leo ndiye aliyepanga kila kitu: jeneza, hema, viti, na sasa hili.

"Sikizeni," alisema. "Sitaki mtu aende huko amelewa. Tunaenda kama familia. Huyu mtoto wetu alimpigia yule mtu simu mara sita. Mara sita, anaomba, na mtu amekaa tu hapick. Mtu kama huyo anafaa kuwa na nyumba?"

Vijana walinguruma. Mmoja alisema, "Twende, buda, jua inapanda."

Ndinda alitembea hadi kwenye pikapu. Hakuharakisha.

"Bwana Kang'ethe, pole kwa msiba. Nifafanulie kitu kimoja, niandike vizuri. Owino alipick ama hakupick?"

"Hakupick."

"Jumatano uliandikisha kwamba alimpick."

Kang'ethe alitabasamu kwa uvumilivu. "Madam, hiyo ni ile ingine. Ya pikipiki. Nilimwona amembeba."

"Sawa. Kwa hiyo mtu amekataa hata kushika simu ya Kiama, hataki kusikia sauti yake. Halafu anatoa pikipiki anaenda kumbeba."

"Alikuwa na hasira. Alitaka kumpata."

"Kiama alikuwa anamtafuta yeye. Angemwambia tu njoo." Ndinda alifungua daftari. "Tuache hiyo. Mara sita umejuaje?"

"Watu wanajua."

"Nani?"

"Warigia alisema."

Watu walifungua njia kidogo, na Warigia akaja, mtungi mkononi. "Mimi?" alisema. "Mimi sijui hata moja. Nimesikia saa hii kutoka kwako."

"Basi ni hawa polisi."

"Simu ya Owino tumeiwasha leo saa tatu na nusu," Ndinda alisema. "Tumeisoma watu wawili, mimi na huyo konstebo. Kampuni ya simu haijatuletea chochote. Na sisi tulihesabu tano."

"Tano, sita, ni tofauti gani?"

"Hiyo tofauti ndiyo nimekujia." Alitoa simu yake mwenyewe akaiinua ili walio mbele waone. "Kwa simu ya Owino, zile hakupokea zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Tano. Ile ya kwanza alipokea, iko kando. Lakini mtu akiangalia simu ya aliyepiga, haoni nyekundu. Anaona jina la Owino, na mbele yake hesabu ya mara zote alizopigiwa. Moja na tano. Sita."

Mahali fulani kifuniko cha sufuria kiligongwa.

"Simu ya Kiama haikupatikana kwa mwili," Ndinda aliendelea. "Tumeitafuta siku tatu. Aliyeona sita ni mtu aliyeishika."

Kang'ethe alishuka kutoka nyuma ya gari, mguu mmoja kisha mwingine, kwa uangalifu wa mtu anayeshuka ngazi mbovu. "Haiya. Sasa mtu akikosea hesabu ni muuaji?"

"Nani alitengeneza hiyo bampa?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Kijana mmoja aliyevaa ovaroli, mwenye mikono ya kazi, alikuwa ameinama mbele ya gari. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa kuchomelea chini ya rangi. "Hii ni ya Kiama," alisema, kama anayejisemea. "Alikuwa anamalizia na kuzungusha hivi. Hakuna mwingine hufanya hivi. Alinifundisha, nikashindwa."

"Ilikuwa imegonga nini, Kang'ethe?" Ndinda aliuliza. "Jumapili, Gatuanyaga?"

"Ng'ombe."

"Jina la huyo ng'ombe ni Mama Nzioki."

Kagwe alitokea upande wa dereva. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kufutia mafuta, na ndani ya kitambaa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni na kibandiko cha nembo ya timu ya mpira mgongoni. "Ilikuwa ndani ya sanduku la spana, Koplo."

Warigia aliitambua kabla ya Kagwe kumaliza. Kibandiko kile alikuwa amekinunua yeye.

"Alipiga picha," Kang'ethe alisema. Sasa alimsemea Warigia, si polisi. "Alipiga picha hiyo bampa kabla atengeneze. Akasikia habari ya yule mama, akaniambia niende polisi ama ataenda yeye. Mimi nilimwambia twende kwa familia ya huyo mama, tuongee kama watu. Nilimpitia tu. Njiani akakataa kunyamaza, akashika usukani. Nilitaka simu tu, Warigia. Nijue picha ametumia nani. Niliona simu alizopiga tu, kwa picha ilinidai nambari ya siri."

Vijana thelathini waliokuwa wanangoja kwenda Gitothua sasa hawakuwa na haja ya kwenda mbali. Walisonga. Ndinda alisimama mbele ya Kang'ethe, na Kagwe akasimama kando yake, na wote wawili walijua walikuwa wachache mno. Lakini vijana walisimama, kwa sababu Warigia alikuwa amewapita na kufungua kifuniko cha mtungi. Harufu ya petroli ilipanda.

"Toka hapo, madam," alisema kwa upole.

"Siwezi."

"Wewe ni mwanamke. Unaelewa."

"Naelewa. Ukimwaga hiyo, itaisha kwa dakika tano. Atakuwa amekutoroka. Hatasimama kortini akisomewa ujumbe ambao Kiama alimwandikia Owino. Hataulizwa na Nzioki mamake alilala barabarani masaa mangapi. Wewe utakuwa gerezani, na watu watakuwa wanamwonea yeye huruma." Ndinda alinyosha mkono, kiganja juu. "Mimi nataka azeeke akijibu."

Mtungi uliinama. Petroli kidogo ilimwagikia kiatu cha Warigia, naye akakitazama kiatu hicho kama si chake.

"Hata mimi alinipigia," alisema. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokuwa nyuma hawakusikia. "Saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa mazoezi ya kwaya. Niliona jina lake, nikageuza simu, nikasema nitampigia nikimaliza. Sikupick. Na nilikuwa naenda kumchomea Owino nyumba."

Aliweka mtungi chini, mbali na kiganja cha Ndinda, akaufunga kifuniko mwenyewe hadi kikakaza.

Kagwe alimfunga Kang'ethe pingu na kumwingiza nyuma ya gari la polisi. Ndinda alimpigia Inspekta Erastus. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena, na safari hii Erastus alishika, kinywa kimejaa chakula. "Afande," Ndinda alisema, "nimekuletea jina. Fungua seli."

Alipogeuka, Warigia alikuwa ameinama kwenye dirisha la gari, mikono miwili juu ya ukingo wa kioo, uso wake karibu sana na wa binamu yake. Kang'ethe alikuwa analia sasa, akiita jina lake, akimwambia hana mtu mwingine, kwamba yeye ndiye atakayemletea nguo, yeye ndiye atakayemtafutia wakili.

"Hata wewe nilikupickia kahawa," Warigia alimwambia. "Gunia moja yake, gunia moja yako. Sikukupunja. Huko ndani watakupea ruhusa ya kupiga simu, na najua nambari unajua kichwani ni yangu tu. Piga. Piga Jumapili, piga Krismasi, piga ukiwa mgonjwa."

Alijinyoosha, akafunga leso yake upya.

"Itakuwa inalia hapa mbele yangu, Kang'ethe. Na sitapick."